Raba nne nilizouza kwa kuamini jina lililo kwenye boneti: kisa cha gari la kliniki, Voi hadi Wusi

Wakuu, habari za saa hizi. Wakubwa shikamooni, na vijana msikae mbali, hiki kisa kinawahusu.

Juzi kuna mwenzetu hapa alilalamika kwamba amenunua gari lililoundwa China lenye jina la kampuni ya ng'ambo, na kila spare anayoagiza kwa jina hilo haikai. Wengi mlimcheka. Mmoja akamwambia ameuziwa feki, auze kama chuma chakavu.

Mimi sikucheka. Niliweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Kosa hilohilo nililifanya mimi, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa Voi. Na ndani ya gari alikuwemo dada yangu wa tumbo moja.

Nitawaeleza nilivyoona. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo, nilisimuliwa. Aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya spare atanielewa haraka. Asiyewahi, usijali, nitaenda polepole.

Nilikuwa nauza spare katika duka la Mzee Swaleh, Voi mjini. Familia yao ilitoka Pwani miaka mingi nyuma. Alikuwa mtu wa kanzu nyeupe na vidole vyeusi kwa grisi, na mpaka leo sijui aliwezaje vyote viwili kwa siku moja.

Duka lilikuwa na sheria moja tu. Bila sampuli, hakuna spare.

Ukitaka raba, bearing, bush, chochote, unaleta ile ya zamani. Tunaiweka kwenye kaunta, tunaipima kwa vernier, kile chombo cha chuma cha kupimia upana mpaka sehemu ya milimita, ndipo mtu anapanda ngazi kushusha boksi. Gari likishatengenezwa, ile ya zamani inarudi kwetu. Tulizitunga kwenye waya nyuma ya kaunta, kila moja na kikaratasi cha namba ya gari. Mteja akirudi baada ya miaka miwili, hatumuulizi gari lake ni la aina gani. Tunauliza namba, tunaangalia waya.

Wageni waliona ni ushamba. Wakimuuliza Mzee, alijibu, "Jina hubandikwa, mwanangu. Ukubwa haubandikwi."

Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nimemaliza form four, na nilikuwa na ugonjwa mmoja. Nilikariri katalogi. Ukinitajia jina la gari na mwaka, nakutajia namba ya boksi kabla hujamaliza sentensi. Madereva wakaniita Madam Katalogi. Nilijifanya sipendi.

Sasa gari lenyewe.

Kulikuwa na wakandarasi wa Kichina waliofanya kazi ya barabara upande wetu. Walipomaliza waliacha four-wheel moja nyeupe, ikapewa watu wa afya kwa ajili ya kliniki ya kuzunguka vijijini. Chanjo za watoto, kupima akina mama wajawazito, kazi za namna hiyo.

Dereva alikuwa Bwana Mwadime, Mtaita wa Wusi, makini sana kwenye usukani, mdomo ndio haukuwa na breki. Muuguzi alikuwa dada yangu Mkawasi. Mimi na yeye tulipanga chumba kimoja hapo Voi.

Kwenye boneti kulikuwa na jina la kampuni ya ng'ambo, kubwa, la kung'aa. Sitalitaja, kwa sababu kosa halikuwa la kampuni. Mutua, makanika aliyekuja kutoka Ukambani kutafuta maisha Voi, alipenda kumchokoza Mwadime.

"Vipi, gari ya Wachina imeamkaje?"

"Wachina walikuwa wanaiendesha tu," Mwadime anajibu. "Kwani hujui kusoma? Soma boneti!"

Basi sote tulisoma boneti. Hakuna aliyeifungua akasoma kibati kilichokuwa ndani, karibu na betri. Kile kibati kilikuwa na majina mawili. Moja la herufi tunazozijua, jingine la Kichina.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze maana ya majina mawili, kwa sababu ndipo shida yote ilipolala. Haya niliyajua baadaye, kutoka kwa storekeeper mmoja Mchina wa kambi nyingine ya barabara. Alinichorea kwenye karatasi ya boksi kwa Kiswahili chake cha kazini. Lakini nawapa sasa ili msipotee njiani.

Kwetu Utaitani, mtu mwenye ng'ombe anaweza kumweka kwa rafiki anayekaa penye malisho. Ng'ombe ni wako, alama ya sikio ni yako. Malisho ni ya rafiki, na yeye ndiye anayeamka kukamua. Maziwa anakunywa, ndama mnaelewana. Wote mnafaidi na hakuna anayeweza kusema ng'ombe ni wake peke yake.

Joint venture za magari, yaani viwanda vya ubia, kule China zilikuwa hivyo. Kampuni ya ng'ambo inaleta ng'ombe, yaani michoro, mashine na jina. Kiwanda cha Kichina, mara nyingi cha serikali, kinaleta malisho, yaani ardhi, majengo na wafanyakazi. Na serikali yao ni kama chifu mkali amesimama mlangoni. Anamwambia mgeni, karibu, lakini hisa zako kwenye kiwanda cha magari zisizidi nusu. Tena kila mwaka nataka kuona vipande vingi zaidi vya gari vimetengenezwa hapahapa.

Hilo la mwisho ndilo mlishike.

Mwanzoni gari linakuja likiwa vipande ndani ya makasha kutoka ng'ambo, wanaliunganisha tu, kama yanavyounganishwa hapa kwetu Mombasa na Thika. Halafu taratibu wanaanza kubadilisha. Mwaka huu matairi na viti ni vya China. Mwaka ujao vioo. Mwaka unaofuata bomba na raba. Jina la boneti halibadiliki hata siku moja. Kwa hiyo magari mawili yenye jina moja, umbo moja na rangi moja yanaweza kuwa na matumbo tofauti, kutegemea yalitoka kiwandani mwaka gani.

Alama ya sikio ni ya mwenye ng'ombe, lakini nyama imejengwa na majani ya huku.

Si ubaya. Si ufeki. Raba zao zilikuwa raba nzuri kabisa. Ila mchoro wa ng'ambo ulikuwa wa inchi, na kiwanda kilichokuja kutengeneza raba na silinda zake kilifanya kazi kwa milimita. Wakakisogeza kipimo kidogo kifike milimita kamili, kikawa chao.

Sisi Voi nani angetuambia?

Haya, turudi dukani.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi alasiri. Mzee Swaleh alikuwa amekwenda Mombasa kuchukua mali. Mwadime akaja kwa miguu, akihema. Gurudumu la mbele lilikuwa linavuja oil ya breki, na Mutua alikuwa ameshafungua yote mawili ya mbele. Alitaka raba nne.

Kwa wasiojua, ndani ya gurudumu kuna silinda ndogo, na ndani ya silinda kuna vikombe vidogo vya raba, kama vizibo vilivyochimbwa. Ukikanyaga breki, oil inasukuma vikombe hivyo. Vikibana vizuri ukutani, gari linasimama. Visipobana, oil inapita pembeni na mguu wako unakanyaga hewa.

Nikamuuliza, "Sampuli iko wapi?"

"Iko na Mutua, amejaa oil mpaka kwenye viwiko. Kesho tuna kliniki Chawia halafu Wusi, huko milimani, akina mama wameshaambiwa. Nirudi tena huko kwa raba?"

"Sheria ya Mzee unaijua."

Akageukia wateja wengine kwenye kaunta. "Jamani, si huyu ndiye Madam Katalogi? Au leo katalogi imefunga mapema?"

Wakacheka. Nami nikacheka, na huku nacheka nikapanda ngazi.

Nilishusha boksi la jina la boneti, mwaka ule. Nilikuwa na uhakika wa namba kama ninavyojua jina la mama yangu. Mwadime akaondoka na raba nne. Sikupima kitu kwa sababu hakukuwa na cha kupima.

Mutua alizifunga jioni ileile. Baadaye aliniambia ziliingia kirahisi sana, akamshukuru Mungu kwa kazi nyepesi.

Alhamisi asubuhi Mkawasi alitoka mapema na boksi lake la chanjo la barafu. Mzee alikuwa amesharudi, yuko stoo nyuma akipanga mali mpya.

Saa nne hivi Mutua akapita dukani, akaniachia raba za zamani ndani ya gazeti, kama kawaida, za kutunga kwenye waya. Akaenda kunywa chai ng'ambo ya barabara.

Nikachukua kikaratasi, nikaandika namba ya gari. Nikapangusa raba moja kwa kitambaa ili niandike kipimo.

Mgongoni mwake kulikuwa na herufi mbili za Kichina, na namba. 25.

Nikaangalia boksi la zile nilizouza, bado lilikuwa kwenye rafu. 15/16. Hiyo ni inchi. Nikapiga hesabu kwenye gazeti lilelile. Milimita 23.8.

Milimita moja na kitu. Unene wa ukucha.

Jambo la kwanza nililofanya, wakuu, ni kujidanganya. Nikasema raba za zamani huvimba kwa oil. Ni kweli, huvimba. Lakini namba iliyochongwa kiwandani haivimbi. Nikapima zote nne kwa vernier. Nikarudia. Mikono ilikuwa imeanza kuteleza jasho, ikabidi niifute kwenye sketi.

Breki zilishika Voi, nikajiambia, zimeshika mpaka wametoka mjini. Halafu nikajijibu mwenyewe. Kwenye tambarare raba ndogo inaweza kushika. Inatanuka kidogo, inabana. Shida ni mteremko mrefu, breki zikanyagwe kona baada ya kona, silinda ipate moto. Hapo oil inatafuta ule unene wa ukucha. Na gari lile lilikuwa la muundo wa zamani, oil yote ya breki ilikaa kwenye chombo kimoja. Ikiishia mbele, nyuma nako hakuna kitu.

Dada yangu alikuwa anakwenda Chawia. Wanaojua njia ile hawahitaji niwaeleze mteremko.

Nikachukua simu ya duka, nikapiga ofisi ya afya Mwatate. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu karani akapokea.

"Gari la kliniki? Limepita hapa saa mbili. Mkawasi amenipungia mkono. Kwani kuna nini?"

"Chawia kuna simu?"

Akacheka kidogo. "Dada, Chawia simu itoke wapi?"

Ilibidi nimwambie Mzee. Kutoka kaunta mpaka stoo ni hatua kumi na mbili, na nilisimama njiani mara mbili. Nilimwekea zile raba mkononi, nikamwambia yote, hata kile kicheko cha wateja.

Hakunigombeza. Aliisogeza raba karibu na macho, akaisoma.

"Wameshaanza kushuka mteremko?"

"Sijui, Mzee."

"Tafuta kwanza. Kulia utalia baadaye."

Nikakimbilia katalogi. Akaifunga kwa kiganja chake.

"Achana na majina. Nitajie kipimo tu."

"Ishirini na tano."

Akaanza kushusha maboksi bila kuangalia yameandikwa gari gani. Ya pickup, ya lori, ya trekta, anafungua, anapima, anatupa pembeni. Nilikuwa nafungua naye, na kila boksi lisilofaa nilihisi gari linashuka kona moja. Mbili tulizipata kwenye boksi la klachi ya lori la Kijapani. Nyingine mbili zikachelewa mpaka nikaanza kuomba kwa sauti. Zilikuwa chini kabisa, kwenye boksi lililopoteza kifuniko.

Tulipima zote nne. Ishirini na tano.

Nikamwita Mutua kwenye chai yake. Nilipomweleza, rangi ilimtoka. "Na mimi nikashukuru Mungu," alisema. Akakimbilia mkoba wake wa vifaa.

Mzee alitupatia pickup ya duka, Mutua akashika usukani. Yeye akabaki kwenye simu kujaribu kumpata mtu Wundanyi, huko juu milimani, awawahi.

Ngoja ninywe chai kwanza.

Naendelea.

Tulipita mashamba ya mkonge Mwatate nikiwa nimeegemea mbele kama ninaisukuma pickup kwa kifua. Tulipoanza kupanda, kila kona nilichungulia chini bondeni. Nilikuwa natafuta rangi nyeupe. Mara ni jiwe. Mara ni shuka limeanikwa.

"Usiangalie huko," Mutua akaniambia.

"Niangalie wapi?"

"Angalia barabara. Tukiona alama za tairi zinatoka nje, ndiyo tuangalie huko."

Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yake, wakuu. Lakini ilinisaidia. Ilinipa kazi.

Chawia tulikuta akina mama wanatawanyika na watoto migongoni, watoto wanalia kwa sindano. Gari halikuwepo.

Nikamuuliza mama mmoja, "Wameondoka saa ngapi?"

"Kitambo. Leo wamefanya haraka, wanasema Wusi kuna watu wengi."

Mutua alikuwa ameshainama pale gari lilipokuwa limeegeshwa. Kwenye majani kulikuwa na unyevu, madoa mawili, kushoto na kulia. Akagusa, akasugua vidole, akaninyooshea. Oil ya breki haina rangi ya kukutisha. Inateleza tu, kama sabuni ya maji.

Pande zote mbili. Hata bahati ya upande mmoja hatukuwa nayo.

Kutoka pale mpaka Wusi njia inashuka kisha inapanda. Sikumbuki mengi ya safari ile. Nakumbuka nilikuwa nahesabu kona kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, kama nilivyofundishwa na bibi kuhesabu mbuzi, na nikifika kumi naanza upya kwa sababu sikutaka namba kubwa.

Tulipochomoza Wusi, karibu na zahanati, niliona gari limesimama. Jeupe, zima, milango wazi.

Nililia hapohapo. Lakini nililia mapema mno.

Kwa sababu injini ilikuwa inanguruma, na ndani walikuwa wanampakia mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umemshika vibaya. Mkawasi alikuwa anamshikilia. Mama mkwe wa yule mjamzito alikuwa amebeba kanga na karai. Na njia ya kwenda hospitali, popote ambapo wangeelekea, ilianza kwa kushuka.

Nikashuka kwenye pickup kabla haijasimama vizuri, nikasimama mbele ya boneti. Mwadime akatoa kichwa dirishani.

"Madam Katalogi! Umepanda mlima wote huu kuniuzia nini?"

"Zima gari."

"Toka mbele, kuna mgonjwa."

"Mwadime, breki zikoje?"

"Breki ninazo. Nimeshuka nazo Chawia." Akatazama chini miguuni. "Pedali imeenda chini kidogo, naipampu, inarudi."

Mama mkwe akapaza sauti kutoka nyuma. "Nyinyi watu wa Voi! Mtaongea breki mpaka mtoto aje mwenyewe aulize kuna nini?"

Watu wakaanza kujaa. Kila mmoja pale anamjua Mwadime, wengine ni ndugu zake. Nilijua nikisema "tuangalie kidogo tu" hakuna atakayenisikiliza, na wako sawa, kwa sababu mama yule alikuwa anaumia. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kuwasimamisha, na ilikuwa yangu.

"Raba nilizokuuzia si za gari hili," nikasema. "Nimekosea mimi. Sikupima."

Hata yule mama mkwe aliweka karai chini.

Mutua aliweka mawe kwenye magurudumu, akamwambia Mwadime, "Kanyaga kwa nguvu zako zote. Mara tatu. Kama zitashika, nitakuomba msamaha mbele ya jamaa zako na uende."

Mara ya kwanza ikashika. Mwadime akanitazama.

Mara ya pili ikashika, lakini mguu ulikwenda mbali.

Mara ya tatu tulisikia pedali ikigonga sakafu. Oil ikatoka nyuma ya gurudumu la kushoto, ikachirizika kwenye vumbi mpaka karibu na viatu vyangu.

Mwadime alizima injini. Alishuka, akakaa juu ya jiwe, akiitazama ile oil.

Tulihamisha godoro kwenye pickup ya duka. Tulimbeba mama yule wanne, taratibu, na mama mkwe akapanda naye na karai lake. Mwadime akapewa usukani wa pickup. Ilibidi Mutua amshike bega na kumwambia, "Hii ina breki, ndugu yangu. Enda."

Mkawasi alikuwa wa mwisho kupanda. Alisimama mbele yangu, gauni lake la kazi limelowa.

"Umejua saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nne. Mutua alipoleta za zamani."

Akatikisa kichwa. "Jana jioni uliniuliza mara mbili kama ni lazima niende Chawia leo. Nikadhani unanihurumia kwa uchovu."

Akapanda, wakaondoka.

Sikukumbuka kwamba niliuliza. Mpaka leo sikumbuki. Lakini yeye hakuwa mtu wa kubuni. Kichwa changu kilijisifu kwa namba ya boksi, na mahali fulani ndani yangu palijua tangu Jumatano kwamba sampuli haikuja.

Mimi na Mutua tulibaki na gari. Alifungua magurudumu, nikamshikia tochi na kumpa vifaa. Raba za ishirini na tano hazikuingia kirahisi. Ilibidi azisukume kwa kidole gumba, huku akilalamika kwa Kikamba, na kila akilalamika nilifurahi. Tukatoa hewa kwenye breki, mimi nikikanyaga, yeye akifungua na kufunga, mpaka pedali ikawa ngumu na juu.

Jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya vilima. Mutua akawasha gari, akaniambia, "Wewe shuka kwa miguu mpaka chini kwenye lami. Nitalijaribu peke yangu, nikusubiri huko."

Lilikuwa wazo la maana. Makanika mzuri hujaribu kazi yake mwenyewe.

Nikafungua mlango wa mbele nikakaa.

"Nimesema ushuke."

"Dada yangu alikaa hapa asubuhi," nikamwambia. "Twende."

Alishuka kwa gea ndogo. Kona ya kwanza, akagusa breki, ikashika. Ya pili ikashika. Nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Tulipofika chini kwenye lami akakanyaga kwa nguvu makusudi, gari likasimama papo hapo, nikagonga kichwa kidogo kwenye kioo. Mutua akashuka, akachungulia nyuma ya magurudumu, pakavu. Halafu tukaenda Voi.

Yule mama alijifungua salama hospitalini. Sikuwepo, nilisimuliwa na Mwadime, ambaye kwa wiki nzima aliniita kwa jina langu la kubatizwa.

Mkawasi alifika nyumbani baada yangu. Alinawa, akaweka ugali jikoni, akapika mboga. Chakula kilipokuwa mezani ndipo akaniuliza.

"Gari limerudi?"

"Limerudi."

"Nani alishuka nalo?"

"Mutua. Na mimi."

"Na wewe ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani."

Kisha akanisogezea bakuli la mboga, akaanza kula.

Basi wakuu, ndugu yetu mwenye gari lisilokubali spare, hujauziwa feki, na wala usione aibu. Una gari la wazazi wawili. Fungua boneti usome kibati, uone mwaka na jina la kiwanda kilichounganisha. Kisha sahau jina, toa kipande cha zamani, kipime, na utafute kipimo hicho hata kama kimo ndani ya boksi la lori. Wakubwa wale wawili walikubaliana kugawana jina na faida. Hawakukubaliana na wewe kuhusu ukubwa wa raba.

Na vijana mlio nyuma ya kaunta, za spare, za dawa, za umeme, popote. Watu watawacheka mkisema "sijui, lete sampuli." Wacheni wacheke. Kicheko kinaisha mteja akitoka mlangoni. Mimi nilichagua kucheka nao, na siku iliyofuata nikahesabu kona.

Ujuzi wa kukariri ni mzuri, nimeutumia maisha yangu yote. Ila uwe wa kukuonyesha rafu ya kuanzia, usikunyang'anye vernier mkononi.

Makanika, madereva na wauza spare mliomo humu, hasa mliowahi kushika magari haya ya majina mawili, wekeni hapa chini vipimo mlivyokutana navyo tofauti na katalogi. Andikeni mwaka wa gari na sehemu yenyewe. Na kama kuna aliyewahi kuuza kitu akakosa raha mpaka mteja aliporudi salama, aseme pia. Humu hatutamcheka.